Dereva peke yake au watu wawili, kitasa cha kujifunga au kufuli: kuchagua kanuni za ulinzi wa gari la vifurushi mjini Lubumbashi

Gari la vifurushi halilindwi kama magari mengine ya kazi, kwa sababu dereva wake analazimika kuliacha mara nyingi mno. Mwenye teksi hungoja abiria akiwa ameshika usukani. Mwenye lori la shaba anaweza kukaa siku nzima kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lakini hukaa humo humo ndani au chini ya kivuli cha lori lake. Anayefikisha koli, yaani vifurushi, kwa wateja hushuka mara 30 au 40 kwa siku, na kila anaposhuka huacha nyuma yake mali ya watu waliomwamini bila kumjua.

Nimekuwa nikisimamia kazi hii hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), kwa miaka kadhaa, na nilianza kuitafakari kwa makini baada ya alasiri moja ya kiangazi ambapo dereva wetu alisimama karibu na Posta ili kukabidhi bahasha dukani. Hakukaa humo dakika nne. Aliacha injini ikiwaka na milango bila kufungwa, na aliporudi sanduku lenye simu mbili na dawa za mgonjwa lilikuwa limetoweka kupitia mlango wa upande wa barabara, ule ambao yeye hakuweza kuuona kutoka dukani. Kanuni ya kufunga gari ilikuwa imeandikwa na kubandikwa ukutani kwetu. Nilipomuuliza kwa utulivu kwa nini hakuifuata, alinieleza kwamba betri ilikuwa imechoka, na kwamba mara mbili juma lile alikuwa ameomba wapita njia wamsukume. Kanuni ilikuwepo, ila gari lenyewe halikumruhusu kuitii, na sisi tuliokaa ofisini hatukuwa tumeuliza.

Kanuni zenyewe si ngeni wala si siri. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu cha 23, unamtaka dereva asiliache gari lake kabla ya kuchukua hatua za kuzuia ajali na za kuzuia mtu asiyeruhusiwa kulitumia. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1986 zinakataza kuliacha gari barabarani bila mtu iwapo injini haijazimwa au breki ya mkono haijavutwa. Madereva wa UPS, kampuni iliyoanza Marekani mwaka 1907, walifundishwa kwa miaka mingi kuvaa pete ya ufunguo kidoleni, na hivyo ufunguo haukubaki kwenye gari. Kila mahali maagizo ni yale yale: zima, vuta breki, chukua ufunguo, funga. Kwa hiyo ulinganisho huu hauulizi kama gari lifungwe. Unauliza ni mpango upi, kati ya ile inayowezekana katika mji wetu, utakaofanya lifungwe kweli hata mara ya 35, saa kumi na moja jioni, dereva akiwa amechoka na simu ya mteja inalia mfukoni mwake.

Dereva peke yake, au dereva na msaidizi

Hili ndilo swali la kwanza ambalo wenye magari huniuliza, na wengi huamini kwamba jibu lake ni la mshahara tu. Mshahara una uzito wake, lakini kipimo kilicho bora zaidi ni umbali kati ya gari na mlango wa mteja.

Katikati ya mji, kwenye barabara kama Kasaï, Sendwe au Mama Yemo, gari husimama mbele ya duka au ofisi, na dereva aliye mwangalifu huweza kuliona gari lake muda wote, au karibu wote, anapokabidhi. Hapo dereva mmoja anatosha. Zaidi ya hayo, dereva wa peke yake ana faida ambayo watu huisahau: hesabu ya vifurushi iko mikononi mwa mtu mmoja, yeye ndiye aliyevipakia, yeye ndiye anayevitoa, na kikikosekana kimoja hakuna mwingine wa kuulizwa.

Hali hubadilika kabisa ukivuka kwenda mitaa ya Katuba, Ruashi, au sehemu za ndani za Annexe. Huko anwani nyingi hazieleweki kwa namba. Mteja humwelekeza dereva kwa simu, kwamba apite kisima, aulize lupango (kiwanja cha nyumba) lenye lango la bluu, ageuke kwenye mwembe. Mvua zinaponyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, njia za udongo hazipitiki kwa gari dogo, na dereva huliacha gari kwenye lami akatembea na kifurushi mita mia mbili au zaidi. Kwa robo saa hiyo gari halina mwenyewe. Hakuna kitasa, hata kiwe kizuri vipi, ambacho ningekitegemea peke yake kwa robo saa mbele ya watu wanaoangalia dereva akitokomea. Katika njia hizo mtu wa pili anahitajika, na gharama yake ni ndogo kuliko televisheni moja ya mteja.

Lakini watu wawili huleta udhaifu wao, nao ni vema ujulikane kabla ya kuajiri. Wa kwanza ni mzigo mzito. Gunia au friji likihitaji mikono minne, wote wawili hushuka, na mpango mzima wa mlinzi wa gari huanguka kwa kifurushi kimoja. Mizigo ya namna hiyo ipangiwe safari yake, au mteja aombwe mapema kuleta mtu wa kusaidia kubeba. Wa pili ni msaidizi wa kubadilishwa kila juma. Konvwayeri, yaani msaidizi wa dereva, wa siku chache hujifunza njia zetu, majina ya wateja wetu na saa wanazolipa, kisha huondoka na maarifa hayo yote. Afadhali dereva mmoja anayejulikana kuliko wawili ambao mmoja wao hatujui hata lupango analolala.

Tena kuna swali la nani ashuke. Mazoea ya wengi ni kwamba dereva hutembea na msaidizi hubaki, labda kwa sababu dereva ndiye anayeaminiwa na pesa. Mimi nashauri kinyume chake: msaidizi apeleke, dereva abaki kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa mkandani mwake. Msaidizi aliyeachwa ndani bila ufunguo hawezi kulisogeza gari hatari inapokaribia. Akiachiwa ufunguo, na pengine hajui kuendesha, anakuwa amewekewa mtego. Dereva anaweza kuondoka. Na iwe wazi kwa wote wawili kwamba hawakuwekwa pamoja ili wapigane. Mtu mwenye silaha akitaka gari, apewe gari. Kanuni hii isiandikwe mwishoni mwa karatasi kwa herufi ndogo. Isemwe siku ya kwanza ya kazi, mbele ya familia ya dereva ikiwezekana.

Asiye na uwezo wa kulipa wawili kila siku anaweza kupanga njia kwa siku: Kampemba na katikati ya mji dereva aende peke yake, na siku mbili katika juma zitengwe kwa Katuba na Annexe pamoja na msaidizi. Wateja huvumilia kungoja siku moja wakielezwa sababu.

Vitasa: cha kujifunga, cha kugeuza, na kufuli la nje

Katika magari ya kufikisha vifurushi ya Ulaya kuna aina mbili za vitasa vya ziada ambazo mafundi huzitofautisha waziwazi. Ya kwanza ni kitasa cha kujifunga: mlango ukibamizwa, unafunga wenyewe, na haufunguki tena kwa nje bila ufunguo. Ya pili ni kitasa cha kugeuza: komeo nene la chuma linaloingia kwenye fremu ya mlango pale tu dereva anapougeuza ufunguo. Cha pili kwa kawaida kina nguvu zaidi dhidi ya kuvunjwa. Cha kwanza kinatibu ugonjwa mwingine, yaani kusahau.

Kwa anayesimama mara 30, nachagua kitasa cha kujifunga bila kusita, kwa sababu wizi mwingi wa mchana tuliouona haukuvunja kitu. Ulifungua mlango ambao haukufungwa. Komeo nene lisilogeuzwa halina faida kuliko kamba. Kwa anayesimama mara tatu au nne kwa siku, kwa mfano mwenye kupeleka vipuri Likasi na kurudi, chaguo linageuka: muda wa kugeuza ufunguo ni mdogo, gari husimama kwa saa nzima mahali pamoja, na nguvu ya komeo ndiyo inayohitajika.

Kitasa cha kujifunga kina masharti mawili. Dereva akiacha ufunguo ndani ya sehemu ya mzigo na mlango ukagongwa na upepo, siku imepotea, kwa hiyo ufunguo uvaliwe mwilini na wa akiba ubaki ofisini. La pili ni la uhai: lazima kuwe na namna ya kufungua kwa ndani, kwa kuwa mtu anayepanga mzigo anaweza kufungiwa humo, na mwezi Oktoba joto la ndani ya bati ni kali.

Hapa kwetu kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, kwa sababu vitasa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Mercedes Sprinter au Ford Transit haviingii kirahisi kwenye Hiace au Noah ya zamani. Fundi wa kuchomelea hutengeneza pete mbili za chuma na mwenye gari hununua kufuli. Mji uliokua juu ya migodi haukosi mafundi wazuri wa chuma, na kazi yao hushika. Hata hivyo kufuli la nje lina tabia ya kitasa cha kugeuza, tena kwa uzito zaidi: nusu dakika ya kufungua na kufunga, ikizidishwa kwa vituo 30, ni robo saa kila siku, na dereva anayechelewa ataacha kufuli likining'inia. Nalitaka kufuli hilo liwepo, lakini kwa ajili ya usiku na kwa ajili ya mapumziko ya mchana, lisiwe ndilo ulinzi wa kila kituo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko aina ya kitasa, nalo ni mlango wa kushoto. Nchini mwetu tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yametoka Japani na usukani wao uko kulia. Dereva wa gari la namna hiyo hushukia ukingoni mwa barabara, kwenye watembea kwa miguu, jambo ambalo ni zuri kwa usalama wa mwili wake. Lakini mlango wa kuteleza, ambao katika magari mengi ya namna hiyo ni mmoja tu na uko kushoto, hufungukia katikati ya barabara, ng'ambo ya mahali aliposimama dereva. Hauoni. Ndio mlango uliotuibia sanduku karibu na Posta. Wenye usukani kushoto hawana tatizo hilo kwa namna hiyo. Wao hushukia kwenye magari, lakini hupita mbele ya gari lao na kuliona.

Ushauri wangu kwa mwenye gari la usukani wa kulia ni kuufunga mlango wa kuteleza kwa komeo la ndani mchana kutwa, na kupakia na kutoa kwa mlango wa nyuma pekee. Kuna hasara: vifurushi vya mbele huwa mbali, na dereva anayeinama nyuma ya gari amewapa watu mgongo. Hasara hiyo hupungua sana vifurushi vikipangwa asubuhi kwa utaratibu wa njia, cha mwisho kikiingia kwanza, ili mlango wa nyuma uwe wazi kwa sekunde chache tu. Komeo hilo liwekwe juu ya mlango na si chini tu. Uingereza wezi wanajulikana kwa kuivuta sehemu ya juu ya mlango wa kuteleza mpaka bati linakunjika, na bati la magari yetu ya zamani haliwezi kuwa gumu zaidi.

Kama baada ya komeo hilo imebaki fedha ya kazi moja tu ya fundi, naomba ukuta wa chuma kati ya viti na mzigo. Mtu anayevunja kioo cha mbele ataambulia redio.

Injini na ufunguo

Hapa hakuna cha kulinganisha kwa muda mrefu. Injini izimwe kila kituo. Sababu inayofanya isizimwe ni betri dhaifu au stata inayogoma, na mwenye gari asiyezitengeneza hana haki ya kumwadhibu dereva. Ufunguo uvaliwe kwenye mkanda kwa kamba fupi badala ya kuwekwa mfukoni, kwa kuwa mfukoni kuna simu, kalamu na risiti, na mkono unaotafuta simu huangusha ufunguo.

Gari au pikipiki yenye sanduku

Pikipiki ina ulinzi mmoja ambao gari haliwezi kuwa nao: huingia ndani ya lupango pamoja na mwendeshaji, na lango hufungwa nyuma yao. Kwa hati, dawa na simu, vitu vidogo vyenye thamani kubwa, naona pikipiki ni bora mchana, hasa pale Katuba ambapo gari lingebaki kwenye lami. Sanduku lakini lifungwe kwa boliti ambazo nati zake ziko ndani ya sanduku lenyewe, kwa sababu likishikiliwa kwa nje, spana moja hulichukua zima.

Jioni mizani hugeuka. Mwendeshaji wa pikipiki hana bati wala kioo kati yake na anayemnyang'anya, na giza la usiku usio na umeme huongeza hatari, kwa hiyo kwetu pikipiki hazitoki na vifurushi baada ya saa kumi na mbili jioni. Pia nisichanganywe: nasema juu ya mwendeshaji aliyeajiriwa na kujulikana. Kumsimamisha manseba, yaani mwenye pikipiki ya abiria, yeyote barabarani na kumkabidhi kifurushi cha mteja ni jambo jingine, hata kama wengi wao ni watu waaminifu, kwa kuwa kifurushi kikipotea hatuna jina la kuanzia.

Kifaa cha kufuatilia au swichi ya siri

Kifaa cha GPS husema gari liko wapi. Swichi ya siri, inayokata pampu ya mafuta, hulifanya gari lisiende mbali. Wauzaji husifu kifaa zaidi kwa sababu kinaonekana kwenye simu. Fikiri hata hivyo juu ya jiografia yetu: mpaka wa Kasumbalesa uko chini ya kilomita 100 kutoka mjini, kwenye barabara ya lami. Kifaa kinachokuonyesha gari linakimbia kuelekea Zambia kina faida ikiwa tu kuna mtu anayekiangalia saa ile, kina laini yenye salio na mtandao unaoshika, na kuna namba ya polisi ambayo mmekwisha kuizungumzia kabla ya siku ya msiba. Swichi haihitaji lolote katika hayo. Fundi wa umeme wa magari huiweka kwa nusu siku, na dereva huibonyeza anaposhuka mahali pa wasiwasi au gari linapolala.

Kwa mwenye gari moja au mawili, nachagua swichi kwanza. Kwa mwenye magari matano na mtu wa ofisini anayeweza kuangalia ramani, kifaa kinastahili gharama yake, hata kwa ajili ya kumjibu mteja anayeuliza kifurushi kimefika wapi. Vifaa vingine huweza kuzima injini kutoka mbali. Amri hiyo itolewe gari likiwa limesimama tu, kwa maana gari linalozimika ghafla kwenye barabara ya Likasi litaua mtu asiyehusika.

Wengine hutegemea bima badala ya vyote viwili. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua soko la bima ambalo awali lilikuwa la SONAS, kampuni ya bima ya serikali, pekee, na sasa kuna kampuni za kulinganisha. Lakini bima ya lazima hulipa madhara ya mtu wa tatu. Haimlipi mwenye gari lililoibiwa wala mwenye kifurushi. Ulinzi wa wizi na wa mzigo hununuliwa kando, na mikataba mingi ya namna hiyo hukataa kulipa ufunguo ukiwa uliachwa kwenye gari. Isomwe kabla ya kutiwa saini.

Pesa taslimu au simu

Mteja akilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, gari halibebi pesa, na gari lisilobeba pesa lina maadui wachache. Kwa wateja wasiotaka, dereva apunguze alichonacho kwa wakala wa simu mara mbili kwa siku, kwa saa zisizofanana. Sanduku dogo la chuma lililofungwa sakafuni halinivutii sana. Humfanya kila msaidizi ajue pesa zilipo.

Usiku

Gari la vifurushi lilale tupu. Baadhi ya wenzetu hulaza gari lenye mzigo wa kesho ili waondoke mapema, na saa moja wanayoipata asubuhi ni kweli wanaipata. Mimi naona ni bora kupakia alfajiri. Kati ya kulilaza kwenye lupango la dereva na kulipeleka kwenye maegesho yenye sentineli, yaani mlinzi, nachagua lupango ikiwa lina ukuta na lango la chuma, na maegesho ikiwa uzio wa lupango hilo ni wa miti tu, kwa sababu dereva asiombwe kulinda mali ya kampuni kwa usingizi wa watoto wake. Popote litakapolala, lirudishwe kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma uguse ukuta, kufuli litiwe, swichi ibonyezwe, na pazia la ndani liachwe wazi ili anayemulika tochi aone sakafu haina kitu.